Mtu wa Kukaa na Elisante

Barcelona, 9 Machi 2025

Dada Beatha mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na mpwa wangu Suzan, hapo Turffontein. Mimi mzima, mafua tu. Mwezi huu shemeji Vusi anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Nilimkumbuka jikoni kazini, nikavunja sahani mbili, na msimamizi akaniuliza kama nimelala.

Najua barua hii Mama ataisoma kwanza kwa ile lenzi yake, kisha wewe utaikuta imejaa alama za vidole. Basi niruhusu nianze na yeye.

Mama, shikamoo. Tangu masikio yako yakatae simu nimejifunza upya kushika kalamu, na leo nina habari ya kazi yako. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya hapa mjini hayatozi kiingilio. Nikaenda kwenye jumba la zamani la wafalme. Juu kuna ukumbi wa matao ya mawe, mrefu kiasi kwamba ukikohoa huku unajisikia kule. Nikasema moyoni, haya, wafalme nimewaona, nirudi nikalale. Mlinzi akanionyesha lifti ya kushuka chini.

Mama, chini ya jumba lile kuna mji mzima! Mji wa Warumi wa kale, miaka elfu mbili, barabara zake na mifereji yake. Unatembea juu ya njia ya chuma, mji uko chini ya miguu yako. Na unajua nilikutana na nini kabla ya kitu kingine chochote? Dobi. Mabirika ya kufulia yamejipanga mstari kama yale ya hospitali ya Mazimbu kule kwetu. Maandishi yanasema walifua kwa mkojo, wakiukusanya kwa watu, na pembeni palikuwa pa kutia rangi, na buluu inaonekana hadi leo. Mbele kidogo kuna matangi ya kutia samaki chumvi na mitungi ya divai, lakini mimi sikuondoka kwenye dobi. Wafalme wamekula karamu miaka yote ile juu ya kichwa cha mfuaji nguo, wala hawakujua.

Nilisimama pale saa nzima. Nilitaka kumwambia mtu kwamba mama yangu amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tatu. Hakukuwa na wa kumwambia.

Hati zangu za ukaazi bado. Wamesema nisitoke nje ya nchi mpaka jibu lije.

Mdogo wako,
Elisante


Turffontein, Johannesburg, 13 Aprili 2025

Mdogo wangu Elisante, kitinda mimba uliyedekezwa ukaharibika,

Tunashukuru Mungu tunaamka. Barua yako imetembea wiki nne, nadhani ilipitia kwa ndugu zake kwanza. Suzan amehamia Midrand karibu na ofisi yao, huja Jumapili, na akija anasema "Eish, Gogo, you're looking sharp," yaani bibi umependeza, Mama naye anamjibu "Umekula?" kwa Kiswahili kana kwamba mtaa mzima ndio uliopoteza masikio. Wanapendana hivyo hivyo. Hapa ndani tumebaki sisi wawili na kelele za uwanja wa farasi siku za mashindano.

Sasa, umemtia Mama wazimu. Barua ameisoma mara tatu. Siku ya kwanza alicheka hayo ya mkojo mpaka nikamletea maji. Siku ya pili akairudia kwa lenzi, mstari kwa mstari. Siku ya tatu akaniita kutoka jikoni: "Hao Warumi nguo walianika wapi?" Nikamwandikia kwenye kibao chake kwamba mji uko chini ya ardhi. Akasema, "Wakati huo haukuwa chini ya ardhi, Beatha, tumia akili. Kufua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kamba na jua. Elisante ameangalia mabirika kama mtalii. Arudi." Pia anataka kujua maji machafu yalitokea upande gani, maana pale Mazimbu fundi wa kwanza aliuelekeza mfereji kwenye mlango wa kuingilia, na wale wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakiruka mapovu kwenda kutibiwa. Vusi aliteleza hapo. Mimi nilicheka, naye akageuka kutazama ni nani anacheka. Ndiyo ndoa yangu ilivyoanza, kwa hiyo fundi yule simlaumu sana.

Miguu ya Mama imevimba kidogo. Daktari kabadilisha vidonge. Usihangaike.

Ila mimi nina swali langu. Barua nzima hukutaja mtu hata mmoja. Unakwenda kwenye mashimo ya Warumi peke yako? Kanisani je? Kazini je?

Dada yako,
Beatha

(Kwa mkono wa Mama, herufi kubwa:) MWANANGU TAZAMA KAMBA ILIFUNGWA WAPI. MAMA.


Barcelona, 6 Mei 2025

Dada Beatha, na Mama, shikamoo,

Amri imetekelezwa. Barua yenu niliipata Ijumaa na juzi Jumapili nikawahi mlangoni kabla hawajafungua.

Mama, nimechora. Ramani iko ukurasa wa pili, usicheke mistari. Mfereji unaanzia chini ya birika la mwisho na unateremka kuelekea ukuta wa mji, mbali na mlango. Warumi walikuwa na fundi bora kuliko wa Mazimbu.

Kuhusu kamba nimeshindwa. Nilitafuta tundu ukutani, nguzo, kigingi, chochote. Nikamuuliza mama mmoja mhudumu wa pale, kwa Kihispania changu kilichovunjika viungo: nguo, jua, wapi? Akamwita mwenzake. Wakabishana, wakacheka, wakaniambia tangu waanze kazi hawajapata kuulizwa hilo. Mmoja akaonyesha juu, kwamba labda palikuwa na uwanja wazi na paa halikuwepo. Nikawaambia mama yangu ndiye anayeuliza, ni dobi. Wakasema nimpe salamu. Basi salamu hizo, Mama, kutoka kwa watu wa serikali.

Una maoni gani? Waliweza kutandika nguo juu ya mawe yenye jua? Nijibu kitaalamu.

Dada, hilo swali lako la watu nimeliona. Watu wapo. Mji umejaa watu.

Elisante


Turffontein, 30 Mei 2025

(Barua hii haikutumwa.)

Elisante, mdogo wangu,

Mama amefariki. Jumanne tarehe 13, asubuhi. Nilikwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua maziwa, nikarudi nikamkuta ameegemea mto, lenzi mkononi. Barua yako yenye mchoro imefika leo. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kitanda kitupu, halafu nikajiona mjinga, maana hata angekuwepo asingesikia.

Tumemzika hapa. Suzan alisimamia makaratasi yote, mtoto yule amekua. Denise wa saluni ya Rosettenville, yule Mkongo wangu, alilala hapa siku saba.

Nakuandikia na najua siitumi. Nikuambieje? Kwetu msiba haupelekwi kwa mtu aliye peke yake. Baba alipofariki ulikuwa bwenini, walitumwa watu wawili. Walikulisha wali kwanza, wakakuambia Mama anakuita, na neno lenyewe ulilipata ukiwa katikati yao, umeshikwa mikono. Wewe sasa nimtume nani? Nani akushike? Utaipasua bahasha ukiwa umesimama kwenye ngazi, na ndoo ya kazini mkononi. Au utazitupa hati zako upande ndege uje kukaa kaburini siku tatu, halafu wakufungie mlango. Miaka sita ya kungoja ipotee.

Simu nimeizima, iko kabatini. Maana ukinipata utaisikia sauti yangu na utajua kabla sijasema hujambo.


Turffontein, 2 Juni 2025

Mdogo wangu Elisante,

Hatujambo kiasi. Baridi ya mwaka huu ni ya adhabu, asubuhi nyasi nyeupe mpaka uwanja wa farasi. Simu yangu imenyakuliwa pale kwenye robot, taa za barabarani, nikivuka, kijana kapita kama upepo, kwa hiyo ukinipigia usishangae. Nikipata nyingine nitakujulisha. Suzan naye usimsumbue, kazi zimemzidi.

Mchoro wako ni mzuri. Mfereji umeeleweka. Kuhusu mawe yenye jua, pale Mazimbu walitandika juu ya majani wakati kamba zilipokatika, kwa hiyo jibu ni ndiyo, inawezekana.

Mama hana maumivu. Ile miguu haimsumbui tena.

Elisante, swali langu hukulijibu, ulilikimbia. "Mji umejaa watu" si jibu la mtu mzima. Nataka jina. Mtu mmoja anayeweza kugonga mlango wako bila kuarifu kwanza, akaketi, mkala naye. Awe mtu wa lugha yetu kama inawezekana. Niandikie jina lake na anakokaa. Usiniulize kwa nini. Mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni, nina haki ya kuuliza.

Beatha


Barcelona, 6 Julai 2025

Dada Beatha,

Salamu nyingi. Pole kwa simu. Hapa joto limefika, jikoni tunapika na sisi wenyewe tunaiva.

Ukurasa wako wa mwisho hauna mstari wa Mama. Niliugeuza. Nikaangalia ndani ya bahasha, nikaitikisa. Labda mkono umechoka. Labda amenikasirikia kwa kamba. Mwambie leo nimerudi tena kwenye lile jumba, mara ya tano sasa, na wale wahudumu wameshanizoea, wananipungia mkono. Ukumbi wa wafalme siku hizi napita tu bila kutazama. Nashuka, nasimama juu ya mabirika. Kuna ubaridi mzuri pale chini na hakuna anayekuuliza umekuja na nani.

Ulitaka jina. Basi, anaitwa Octave. Ni Mkongo wa Bukavu, Kiswahili chake cha kwao lakini tunaelewana vizuri. Anakaa mlango unaofuata hapa hapa kwangu, anwani ni hii hii. Ni mtu mzima, mpole, fundi cherehani. Anapenda ugali. Jioni tunakula pamoja, ananisimulia vituko vya wateja wake. Jumapili nyingine huwa tunaongozana makumbusho. Umeridhika?

Mwambie Mama aandike hata herufi moja.

Elisante


Turffontein, 10 Agosti 2025

Kwa Ndugu Octave,
kupitia anwani ya Elisante

Ndugu yangu Octave,

Salamu katika Bwana. Hunijui. Mimi ni Beatha, dada mkubwa wa Elisante, jirani yako. Nilipolisoma jina lako nilipiga magoti sakafuni nikashukuru, nikamkimbilia Denise saluni, naye ni wa huko kwenu, akasema watu wa Bukavu hawamwachi mtu msibani. Kwa hiyo nakuomba jambo zito, na ukiona siwezi kukulipa, Mungu atakulipa.

Mama yetu amefariki tarehe 13 Mei. Elisante hajui. Nimemficha miezi mitatu. Nimemdanganya kuwa simu imeibwa, na nimemjibu maswali yake kana kwamba Mama ameyasoma. Sikuwa na mtu wa kumtuma. Sasa nimekupata wewe.

Tafadhali usimwambie akiwa amesimama, wala kabla hajala. Mpikie ugali wa moto, na akisema ameshiba usimwamini, tangu utotoni husema hivyo. Mkalishe chini, si kitandani. Anza na ugonjwa: kwamba Mama alivimba miguu, daktari akabadilisha dawa, moyo ukachoka. Halafu neno lenyewe liseme mara moja, kwa Kiswahili, usilizungushe. Mtaje kwa jina: Mama yako Paskalia amefariki. Mshike mabega. Atacheka kwanza. Usishtuke, alicheka hivyo hivyo Baba alipofariki, watu wakamsema vibaya, lakini ndiyo njia kilio kinavyomtoka. Usimwache alale peke yake siku tatu. Mlango wenu uacheni wazi, kwetu mlango wa msiba haufungwi.

Akikuuliza nani alimwosha, mwambie ni mimi na Denise. Nilimwosha polepole kwa maji ya uvuguvugu, na shuka lake nililifua mwenyewe na kulitia bluu ya kung'arishia, kwa sababu shuka lisilo na bluu asingenisamehe. Akikuuliza kama Mama alimtaja, mwambie asubuhi ile kabla sijatoka alikuwa akiongea peke yake kuhusu ule mji wa Warumi. Alisema, "Lazima palikuwa na jua mahali."

Na asije. Mwambie ni mimi nimesema, asitupe hati zake. Mama alikwisha kuzikwa.

Nisamehe kukutwika mzigo usio wako. Asante kwa kukaa na mdogo wangu. Tangu nijue upo, nalala.

Ni mimi,
Beatha


Barcelona, 7 Septemba 2025

Dada Beatha,

Sijui nianze na salamu gani. Nakusalimu tu.

Octave hayupo. Hakuna Octave. Mlango unaofuata ni stoo ya mifagio. Nilimtunga mezani hapa hapa nikiandika, hata ucherehani wake nilimpa kwa sababu nilikuwa nashona kifungo. Nilikuwa nakuonea aibu. Mtu wa miaka arobaini na sita, miaka sita kwenye mji mmoja, umeniomba jina moja nami sina. Na nikuambie na lililo chini zaidi: kalamu yangu ilipokuwa inaandika jina lile, kuna mahali ndani yangu palikuwa pameshajua. Kwetu mtu haulizwi bure kama anaye wa kukaa naye. Nilijua, na sikutaka kujua, na nikakupa Octave ili upate wa kumwambia.

Bahasha ilikuja Jumatano. Jina lake, anwani yangu. Niliiweka juu ya jokofu siku mbili, maana nilijiambia si yangu. Ijumaa nikaifungua kwenye ngazi, nimesimama. Nikasoma mpaka pale uliposema asiambiwe akiwa amesimama, nikaikunja. Sikuendelea.

Nikaingia ndani nikawasha jiko. Unga wa hapa ni wa watu wa Amerika ya Kusini, ugali wake hauna nguvu, lakini niliusonga. Nikasema nimeshiba. Nikajikatalia, nikala wote. Halafu nikakaa chini, mgongo ukutani, nikafungua barua tena. Nikajisomea kwa sauti, habari ya miguu, habari ya daktari. Tangu Pasaka sikuwa nimetamka neno la Kiswahili likasikika, sauti yangu ilinishangaza. Nikafika penye neno lenyewe. Nikasema, Elisante, mama yako Paskalia amefariki. Nilisema mara moja, sikulizungusha.

Nikacheka, dada. Kama ulivyosema. Nilicheka mpaka nikaogopa, kwa sababu mabega hayakuwa na wa kuyashika, nikayashika mwenyewe, hivi, mikono imepishana kifuani. Kisha kilio kikatoka.

Wewe ulimwosha. Wewe ulimfulia shuka. Mimi sikushika hata ndoo ya maji. Nilikuwa huku nahesabu mabirika ya watu waliokufa zamani, namwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa nikimwomba hata herufi moja. Hilo linaniuma kuliko yote, na sitakuficha. Ila sikulaumu. Ungeniambia mwezi wa tano ningezitupa hati, kweli, ningekuja.

Kazini wamenipa siku moja. Nilivuta godoro sakafuni nikafungua mlango wangu wazi kabisa na kuuzuia kwa kiatu usijifunge. Jumamosi yote watu wa jengo walipita. Wengine waliongeza mwendo. Mmoja aliniambia kwa ishara kwamba nimesahau kufunga. Jioni akapita bibi wa ghorofa ya juu, yule wa mkoba wenye magurudumu, ambaye miaka yote hii tunapeana njia tu. Akasimama. Akauliza kitu. Kwa lugha yao najua kusema mama, na najua kusema hayupo, nikasema hayo mawili. Akaacha mkoba wake pale nje na vitunguu vyake ndani, akaingia, akakaa kwenye kiti changu kimoja. Alikaa mpaka usiku. Leo asubuhi kabla sijaamka vizuri amekuja tena, na supu, akakaa tena.

Leo ni Jumapili ya kwanza, lakini sikwenda kwenye jumba. Bibi yuko hapa sasa ninavyoandika. Anakuangalia wewe, maana anaitazama karatasi. Nitamuuliza jina lake kesho, nikipata pumzi.

Dada, barua utakayoandika baada ya hii, juu ya bahasha weka jina langu.

Elisante